Masomo Sita ya Nakijwa

Waliokuwepo siku hiyo walikuwa hawa. Alikuwepo Kajiru Mchome, mwenye nyumba, mzee aliyekwisha kuwazika wenzake wote wa rika. Alikuwepo mwanawe wa kwanza, Apaeli, msimamizi wa ujenzi, ambaye watu humwita Apa, lakini jina alilobatizwa ni Apaeli. Alikuwepo mwanawe wa pili, Yonazi, mkulima wa tangawizi, pamoja na mkewe Elitruda. Alikuwepo Nanzia, binti pekee wa mzee, muuguzi mstaafu. Alikuwepo Sifueli Mgonja, kaka yake Elitruda, mwenye duka la pembejeo. Wa mwisho alikuwa Nakijwa, binti wa Yonazi na Elitruda. Kikao kilikuwa chake, naye alikaa karibu na mlango akimenya ndizi.

Nakijwa alikuwa amemaliza kidato cha nne, akapata nafasi katika shule moja ya mjini inayofundisha stashahada ya kimataifa kwa miaka miwili. Huko mwanafunzi hapangiwi masomo, huchagua. Masomo yamewekwa katika makundi sita, naye huchukua moja katika kila kundi. Katika hayo sita, matatu huyasoma kwa kina, na matatu kwa kiwango cha kawaida. Yale ya kina ndiyo humfungulia mlango wa chuo kikuu, na asiyoyachukua humfungia milango mingine. Shule ilitaka jibu Jumatatu. Siku hiyo ilikuwa Jumamosi.

Nyumba ya Kajiru ilikuwa na desturi yake. Jambo kubwa halikuamuliwa bila mbuzi. Mzee mwenyewe alishika kisu, na kila ndugu alikuwa na fungu lake lijulikanalo: kidari cha mwana wa kwanza, mgongo wa shangazi, mguu wa mbele wa mjomba, maini ya mama wa nyumba. Hakuna aliyeondoka mikono mitupu, wala aliyeuliza kwa nini fungu lake ni lile. Basi walipokwisha kula, wakayaendea masomo kama walivyomwendea mbuzi. Hawakuwa na nia mbaya. Ndivyo walivyojua kupendana.

Apaeli, kwa kuwa ni wa kwanza, akachukua Kemia, tena kwa kina, maana alitaka nyumba ipate daktari. Nanzia akachukua Kifaransa kwa kina, akasema ajuaye Kifaransa hakosi kazi Arusha. Sifueli akachukua Uchumi kwa kina. Hapo matatu makubwa yakawa yamekwisha. Yonazi akapewa Hisabati. Mzee Kajiru, aliyekuwa mwalimu wa kwaya ujana wake wote, akajichukulia Muziki, na watu wakacheka, naye akacheka pia. Kilichobaki kilikuwa Kiswahili, wakampa Elitruda.

"Wifi, hilo ni jepesi, halitamsumbua mtoto," akasema Nanzia.

Elitruda akashukuru kwa kichwa. Kila mtu alikuwa na fungu lake, na kila mtu alikuwa ameridhika. Mzee akauliza kama kuna neno lolote kabla hajafunga kwa sala. Aliuliza kama ilivyo kawaida, bila kutazamia jibu.

Nakijwa akaweka kisu cha ndizi chini, akafuta mikono, akasogea, akapiga magoti mbele ya mzee kama alivyolelewa. Akasema, "Babu, mbuzi hugawanywa akiisha kufa. Mimi ningali hai."

Apaeli akamgeukia ndugu yake. "Yonazi, nani kamfundisha mtoto huyu kujibu hivi?"

Aliyejibu ni mzee. "Heshima hakukosa, Apaeli. Amekosa woga tu." Kisha akamwambia binti, "Inuka, mama. Wewe wataka nini?"

Swali hilo halikuwa limewahi kuulizwa katika nyumba ile kwa mtu wa umri wake. Nakijwa akainuka. Alisema angependa kusoma kwa kina Kiswahili, Jiografia na Baiolojia. Hisabati ya baba, Kifaransa cha shangazi na Muziki wa babu angeyasoma kwa kiwango cha kawaida, na kwa bidii, kwa sababu ni ya watu anaowapenda.

"Kiswahili!" akasema Apaeli. "Kitu unachoongea tangu unanyonya, ukakisomee kwa kina?"

"Kaka," akasema Nanzia, "hata wewe unakiongea tangu unanyonya, mbona ukisimama kuhutubia watu husinzia?"

Watu wakacheka, lakini Apaeli hakucheka. Akamweleza binti neno la kweli. Alimwambia kwamba bila Kemia mlango wa udaktari unafungwa, na kwamba atakapokuwa na miaka thelathini asije akasema hakuna aliyemwonya. Nakijwa akajibu kwamba ameusikia mlango huo, na kwamba anaufunga mwenyewe. Mama yake akainama, akaanza kukusanya sahani, lakini wote waliona kwamba anatabasamu. Mzee akafunga kikao kwa sala, na Jumatatu Yonazi akapeleka jibu shuleni kama binti alivyotaka.

Msidhani kwamba tangu hapo mambo yalikwenda sawasawa. Muhula wa kwanza Nakijwa alianguka katika Baiolojia, somo alilolichagua kwa kinywa chake mwenyewe. Alirudi likizo akiwa amekonda. Apaeli akaja asubuhi ya kwanza, akakaa, akapewa chai. "Haya, mama," akasema, "umeyaona?"

"Nimeyaona, baba mkubwa."

"Na sasa?"

"Sasa narudi nayo. Ni yangu."

Apaeli akamaliza chai yake, akaaga. Baadaye alimwambia mkewe kwamba alikuwa amekuja na hotuba nzima, lakini hakupata mahali pa kuiweka. Maana mtoto aliyechaguliwa somo, akianguka, humtazama aliyemchagulia. Huyu hakumtazama mtu. Alirudi shuleni, akamwomba mwalimu amwanzishie tena somo la chembe hai, akalishika kama mkulima anavyolishika shamba lililompa mavuno mabaya: hakulihama, alilipalilia. Muhula wa pili akafaulu, si kwa alama za juu, lakini akafaulu.

Siku ya wazazi kuzuru shule, Yonazi alikuwa katika mavuno ya tangawizi na Elitruda alikuwa akiuguza mgonjwa. Aliyekwenda ni Apaeli, peke yake, amevaa koti lake la kanisani. Nakijwa akamsomea insha ya Kiswahili aliyoiandika, nayo ilihusu majina ya mashamba ya mlimani kwao na sababu za majina hayo. Apaeli akasikiliza hadi mwisho amefumba macho, hata binti akadhani amelala. Kisha akamwambia, "Shamba la juu ya kijito umelikosea jina. Hilo la Mzee Zefania. Andika." Akamtajia jina, na mtu aliyelipatia jina hilo, na mwaka wa njaa uliolifanya liitwe hivyo. Akamtajia mengine, ambayo Yonazi hayajui wala hata mzee Kajiru hakuwahi kuyataja. Wakakaa kwenye benchi la shule hadi magari ya kurudi yakaanza kuondoka. Nyumbani alipoulizwa habari za shule, Apaeli alisema chakula chao hakina chumvi, na kwamba yule mtoto atakuwa mtu.

Ninyi mnaonisikiliza ni wazazi na walezi, na wengi wenu mna mtoto anayefika mahali pa kuchagua. Kisu katika habari hii ni upendo wetu, nacho ni kikali kwa sababu ni wa kweli. Mafungu ni matumaini yetu tuliyoyakosa sisi wenyewe, tunayotaka kuyala kwa mkono wa mtoto. Simlaumu Apaeli. Alitaka daktari kwa sababu aliwahi kumwona mtu akifa njiani kabla ya kufika hospitali, na jambo hilo halina aibu. Wala simsifu Nakijwa kana kwamba alijua yote. Hakujua, na bado anajifunza. Nasema tu kwamba kuchagua ni kufunga milango, na atakayekaa ndani ya nyumba ndiye anayepaswa kuifunga. Basi niwaulize: mtoto anayesoma kwa ajili ya mtu mwingine, mtu huyo akiondoka, atasoma kwa ajili ya nani?

Apaeli Mchome alifariki tarehe kumi na moja Februari, mwaka wa pili wa masomo yale ukiwa ndiyo kwanza umefika katikati.