Siku Nyota Mlinzi Alipokufa

Sogeeni, wajukuu zangu, sogeeni mnisikie. Zamani, zamani zile ambazo hata bibi wa bibi yangu alizisikia tu, milima ya Upare ilikuwa ya wafua chuma. Na juu ya milima hiyo ilikaa nyota kubwa, wakaiita Mlinzi.

Palikuwa na mwanamke jina lake Nakiete, binti wa mfua chuma Senkoro. Alizaa, akazika. Akazaa, akazika tena. Mnanisikia? Akazika tena. Siku alipojifungua binti mzima, anayelia kwa nguvu, siku hiyohiyo Mlinzi akawaka mchana kweupe, watu wakaziba macho kwa viganja. Akawaka miezi. Akafifia, akafifia, akazimika.

Hapo akaja Kibacha, mfumwa wao, yaani mtawala, pamoja na wazee wake.

"Nakiete, mtoto huyu ameimeza nyota yetu. Apelekwe msituni."

Msituni kufanya nini, wajukuu? Kuachwa. Afe.

Senkoro akasimama mbele ya binti yake. "Mfumwa, babu zetu walituimbia haya. Vumbi la mbinguni hukusanyika, hubanana, hupata joto, likawaka. Hiyo ni nyota imezaliwa. Huwaka enzi na enzi kwa kuni zilizo tumboni mwake. Kuni zikipungua, huvimba, ikawa nyekundu. Mlinzi alikuwa mwekundu kabla mimi sijazaliwa! Kuni zikiisha, hujiporomokea yenyewe, ikapasuka. Ndicho tulichokiona."

"Nyimbo za tanuruni hizo," akasema mfumwa. "Mleteni mtoto."

Nakiete akamkumbatia mwanawe, akamtazama mfumwa. Kichwa cha mfumwa kilikuwa kimenyolewa, maana msiba wa mama yake mzazi ulikuwa bado mbichi.

"Mfumwa," akasema, "mama yako amekufa kwa uzee. Ulimpeleka nani msituni?"

Wazee wakatazama chini, wakidhani mwanamke huyu keshajimaliza.

"Nilimtafuta," akasema mfumwa kwa sauti ndogo. "Nilimtafuta wa kumlaumu, nikamkosa."

Akageuka. "Na vumbi la nyota iliyopasuka, Senkoro? Huenda wapi?"

"Hutawanyika, mfumwa. Hukutana na vumbi jingine, likaja kuwa nyota nyingine. Ila mimi na wewe hatutaiona."

Mfumwa akanyoosha mikono kumpokea mtoto. Nakiete hakumpa upesi. Hata mimi nisingempa. Mwisho akampa. Kibacha akaketi mavumbini na mtoto mapajani, akalia mbele ya wazee wake, machozi ambayo hakuyalia mazikoni. Kisha akamrudisha kwa mama yake, akaondoka na wazee wake.

Basi, wajukuu, hata nyota huzaliwa, huzeeka, hufa, na kifo chake si kosa la mtu. Ukifiwa, lia. Usimtafute mdogo wa kumbebesha msiba wako.

Mzigo wangu wa maneno nimeutua hapa. Atakayeuinua, auinue taratibu.