Ngariba Aliyeweka Kisu Chini

Wapokezi wa habari za waja wema wametusimulia kwamba katika mji wa Sanaa, nchi ya Yemeni, mtaa wa Mayahudi, aliishi ngariba mchamungu akiitwa Mori Yahya. Mori kwao ni mwalimu. Kwa miaka arubaini aliwatahiri watoto wa mtaa ule siku yao ya nane, kama Taurati ilivyoamuru, na kila mara alikipitisha kisu kwanza kwenye ukucha wa gumba lake ahakikishe hakina pengo. Watu wakasema mkono wa Mori Yahya haujapata kumdhuru mtoto. Naye alilisikia neno hilo na kulipenda. Sifa ni tamu, jamani, hata kwa mchamungu.

Siku moja aliitwa nyumbani kwa Musa mfua fedha, ambaye mkewe Ghazali alikuwa amejifungua mtoto wa kiume. Kiti cha Nabii Ilyasi, ambacho kwao huachwa kitupu kwa heshima ya mtume huyo, kilikuwa kimetandikwa hariri, na wageni walikwisha kujaa. Mara sauti ya Ghazali ikatoka nyuma ya pazia la wanawake.

"Mori, nakuomba usimkate mwanangu. Dada yangu Badra amezika wawili baada ya tohara."

Musa akaona haya mbele ya wageni. "Mama watoto, unataka mwanetu akose agano la baba yetu Ibrahimu?"

Wakamgeukia Mori Zakaria, kadhi wao, ambaye pia alikuwa tabibu. Akasema kwa upole, "Wazee wetu walifundisha kwamba wakifa watoto wawili wa mama mmoja kwa kutokwa damu ya tohara, anayefuata asitahiriwe, wala mtoto wa dada wa mama huyo. Ipo damu isiyoganda. Mtoto wa kwanza wa Badra alikufa hivyo kule Dhamar, tunajua. Lakini wa pili alikufa hapa kwa homa. Kifo kimoja hakitoshi kuizuia amri."

Mtoto alikuwa amelala mapajani mwa babu yake, akinyonya ngumi. Mori Yahya akamtazama, kisu mkononi.

"Haikuwa homa," akasema. "Yule wa pili nilimtahiri mimi. Damu ilikataa kukoma. Mama yake alikuwa hoi kitandani, nami nilibadilisha vitambaa mwenyewe, nisimruhusu mtu yeyote kumfunua. Niliogopa watu watasema mkono wangu umeua. Nikawaambia ni homa, mkaniamini."

"Na leo umekuja na kisu hali unajua!" Musa akafoka.

"Nimekuja," akajibu Mori Yahya, na machozi yakamtoka. Akakiweka kisu chini, wala hakukishika tena mpaka alipofariki.

Kadhi akasema, "Sasa ni wawili. Mtoto huyu hatatahiriwa, naye ni mwana wa Ibrahimu kama sisi sote." Wakamwombea dua na kumpa jina.

Hapo Badra akatoka nyuma ya pazia. Watu wakainamisha vichwa, wakingoja laana.

"Miaka kumi na mmoja," akasema, "nimeamini ni maziwa yangu yaliyompa homa. Nilikunywa maji baridi siku ile, nikajiona nimemuua. Ungeniambia tu, Mori."

Inasemekana mtoto yule alipong'oka jino la utotoni alitokwa damu siku tisa, na Mori Yahya hakubanduka ubavuni pake mpaka ilipokoma.

Ndugu zangu, matabibu wa zama zetu wanaufahamu ugonjwa huo: mama asiyeugua humrithisha mwanawe, na mama huyo hana kosa lolote. Wazee wale hawakuwa na hadubini. Walikuwa na sheria iliyowataka wahesabu vifo na washuhudie ukweli, na Mori Yahya aliinyima ushahidi wake ili alinde jina. Mwenyezi Mungu amsamehe, kwa kuwa alisema kabla ya wa tatu. Lakini kila nikikisimulia kisa hiki, moyo wangu huenda kwa Badra na ile miaka kumi na mmoja.