Picha ya Jicho la Shiko

Wapo watu wanaoona haya kuuliza, hasa kumuuliza mtoto. Hudhani hadhi yao itashuka. Lakini asiyeuliza aweza kupapasa gizani mchana kweupe.

Asubuhi hiyo Shiko, mtoto wa miaka mitano, aliketishwa mbele ya mashine ya kupiga picha za ndani ya jicho katika kliniki moja huko Westlands. Alikuwa amevalishwa gauni la kanisani na soksi zenye maua, nywele ziking'aa mafuta. Alizaliwa na kasoro adimu katika jicho la kushoto: kule nyuma, mshipa wa fahamu ulichanua kama ua. Daktari alihofia kwamba retina, ule utando unaopokea mwanga, ilikuwa imeanza kubanduka. Picha ndiyo ingesema. Isipopatikana, ingebidi mtoto alazwe kwa dawa ya usingizi, jambo lililomnyima mamake, Debra, usingizi wake mwenyewe.

"Weka kidevu hapa, mrembo. Angalia taa ya kijani," alisema Mulwa, mpiga picha.

Shiko akafumba macho ndi!

Wakarudia. Akafumba tena.

"Shiko! Kwa katuni macho kodo, hapa unajifanya umelala?" Debra alifoka.

"Mama Shiko, wacha nimuulize," Mulwa akasema.

"Umuulize nini? Huyu ni mtoto tu!"

Mulwa alipiga magoti. "Rafiki yangu, mbona unafunga macho?"

Shiko alimtazama kana kwamba Mulwa ndiye mtoto. "Si Cucu anaomba! Watu wakiomba, wanafunga macho. Na wewe hata hufungi!"

Wote wakageuka. Pale pembeni alikuwa nyanya yake, Wanjugu, mkoba kifuani, midomo ikichezacheza. Kila Mulwa alipowasha mashine, bibi naye alianza kumnong'oneza Mungu.

"Ngai! Kumbe ni mimi ninaharibu kazi!" Wanjugu aliangua kicheko hadi kilemba kikamwendea upande. "Shiko wangu, nimeshasema amina. Sasa fungua."

Shiko akakodoa macho kama bundi. Picha ikatoka safi kama maji ya mtungini.

Daktari aliitazama kwa makini, kisha akatabasamu. "Retina imeshika vizuri. Atavaa miwani, na tutakuwa tukiliziba lile jicho zima ili hili vivu lijifunze kazi."

Debra akashusha pumzi, akampa Mulwa mkono. "Pole, kaka. Mimi ningekuwa bado nampigia kelele."

Naam, kuuliza si ujinga, hata anayeulizwa akiwa mtoto wa chekechea.