Kadi ya Harusi Iliyofunga Kiwanda

Nimekuja na hadithi yenye mkia, na mkia wake nitauacha mikononi mwenu. Mnaitaka? Basi sogeeni. Anayetaka kusinzia asinzie sasa hivi, maana mwishoni nitauliza swali na sitaki kusikia mtu akisema hakuwepo.

Katika mji wa Kilongo palikuwa na kiwanda cha kuunda pikapu, na hapo kiwandani palikuwa na watu watatu wenye vipaji.

Wa kwanza ni Hidaya, karani wa manunuzi. Kipaji chake kilikuwa ulimi usiojua uongo. Akichelewa kazini hasingizii foleni wala mgonjwa, husema tu, "Nililala."

Wa pili ni Mzee Lupogo, mtunza stoo. Kipaji chake kilikuwa kuandika. Kila kipande kilichoingia na kila kilichotoka alikiandika kwa kalamu ya wino katika daftari, ingawa uongozi ulimkataza mara tatu, kwa kuwa kompyuta ilikuwa inaandika yote. Yeye alijibu, "Nimesikia, mkuu," kisha akafungua ukurasa mpya.

Wa tatu ni Mama Tuse, ambaye hata hakuwa mwajiriwa. Alikuwa mama lishe mwenye banda langoni. Kipaji chake kilikuwa kuwajua watu: nani hali pilipili, nani amefiwa, nani ameanza kutazama ratiba ya mabasi.

Jumatatu moja asubuhi watu waliwasha kompyuta, zote zikaleta ujumbe mmoja: tumefunga kila kitu chenu, lipeni ndipo tufungue. Bwana Mkama, mwenye kiwanda, alikataa katakata. "Nikimlipa mwizi leo," alisema, "kesho atarudi na nduguye."

Mtaniuliza, kompyuta na chuma wapi na wapi? Nami niliuliza hivyo hivyo. Kumbe kompyuta ndiyo iliyojua nati ipi iende wapi, viti vingapi vishonwe, vioo vya nani viletwe lini. Gari moja lina vipande maelfu, na nyuma ya kila kipande yupo mtu. Wiki ya kwanza mshona viti wa mtaa wa pili alifunika cherehani zake. Wiki ya pili wakata vioo wakapunguzwa kazi. Wiki ya tatu kinyozi alikaa kwenye kiti cha wateja akasoma gazeti la juzi. Wiki ya nne vyumba vya kupanga vikaanza kubaki wazi. Mwizi mwenyewe hakuwahi kukanyaga Kilongo wala hakuvunja hata dirisha, na mji mzima ulikuwa unakauka. Jambo hilo linanishangaza hadi leo.

Kisha wenye mtaji wakamwandikia Bwana Mkama barua: gari lisipotoka ndani ya wiki mbili, mitambo itang'olewa ihamishiwe mji mwingine. Bwana Mkama aliwakusanya watu langoni, akawasomea barua ile, akaikunja.

"Gari la kwanza litakalotoka humu," alisema, "nitampa mtu atakayekifufua kiwanda hiki."

Alisema mtu. Hakusema watu. Lishikeni hilo.

Fundi wa kompyuta aliitwa kutoka mbali. Alisema nakala za kumbukumbu za kila wiki zipo, zimehifadhiwa salama, lakini hajui mwizi aliingia lini. Akirudisha nakala ambayo mwizi yumo tayari, mwizi huyo atafunga tena kila kitu, na safari hiyo hakutakuwa na dawa. Aliuliza ofisi nzima nani aliyefungua ujumbe wa ajabu. Kila mtu alitazama viatu vyake. Ndipo Hidaya akasimama.

"Ni mimi," alisema. "Alhamisi, siku tatu kabla ya Mei Mosi, saa ya chakula. Ilikuja kadi ya mchango wa harusi kwa barua pepe. Jina sikulijua, lakini nikasema labda ni mtoto wa mtu wa hapa. Mtu atakataaje kufungua kadi ya mwenzake?"

Kweli, nani Kilongo angekataa? Asiyefungua kadi za wenzake, siku ya harusi yake atacheza peke yake. Fundi alichukua nakala ya kabla ya Alhamisi ile, akairudisha, na kompyuta zikaamka zikiwa safi.

Ziliamka, lakini hazikujua lolote la baada ya siku ile. Zilisema gia zipo rafu ya sita, na rafu ya sita ilikuwa tupu. Hapo Mzee Lupogo akaja na madaftari yake ndani ya mfuko wa sandarusi. Kwa siku nne alisoma kwa sauti na vijana wa ofisi wakaandika, kipande kwa kipande, hadi stoo ya kompyuta ikafanana na stoo ya kweli.

Sasa walihitajika wachomeleaji, na wachomeleaji huwa hawangoji. Kiwanda cha mji wa jirani kilikuwa kimeshaanza kuwapigia simu. Lakini tangu wiki ya kwanza Mama Tuse alikuwa ametangaza kwamba atakayekuja langoni asubuhi amevaa ovaroli atapata bakuli la makande, bure. Alipika mahindi ya shamba lake mwenyewe, na mbuzi wake wawili wakaishia chunguni. Watu walikuja, wakala, wakaulizana habari, wakaona haya kuwaacha wenzao. Kengele ilipolia, wote walikuwa pale pale.

Siku moja kabla ya muda kwisha, pikapu nyeupe ilitoka ikinguruma. Watu walilia, na mimi simlaumu hata mmoja. Kisha ubishi ukaanza.

"Kompyuta bila daftari zingekuwa mapambo," walisema watu wa stoo.

"Daftari linachomelea chuma?" wakajibu wachomeleaji. "Mpeni mama."

"Na Hidaya je?" mtu akauliza.

"Aliyechoma nyumba hapewi zawadi kwa kuonyesha kiberiti kilipo," akajibiwa.

Mama Tuse akamtetea Hidaya, "Mimi nililisha watu wiki nzima kwa mbuzi mmoja, lakini kusimama vile mbele za watu nisingeweza."

Hapo fundi akakohoa. Alisema kwamba, amezipata kumbukumbu za barua pepe zilizotunzwa nje ya kiwanda, na ameona kadi ile ilifunguliwa siku ile ile kwenye meza tano. Hidaya peke yake ndiye aliyesema; wanne walificha. Akataja meza hizo moja moja, na ya tano ilikuwa ya Bwana Mkama.

Bwana Mkama alikaa chini. Kisha akauweka ufunguo wa pikapu juu ya boneti, akasema, "Mimi siwezi kuamua tena. Amueni nyinyi."

Ufunguo upo pale hadi leo, wasikilizaji wangu. Ukimpa Mzee Lupogo, umemlipa aliyekaidi amri. Ukimpa Mama Tuse, umempa asiyewahi kugusa nati. Ukimpa Hidaya, umemtuza aliyemfungulia mwizi mlango. Ukimnyima, kadi nyingine ikija, nani atasimama?

Je, wewe ungeamua vipi? Na ile meza ya tano ingekuwa yako, ungesema?