Mwonjaji wa Rasi Marijani na Miji Saba ya Walaji

Mji wa Rasi Marijani ulikuwa na milango tisa na visima vitamu visivyokauka, na aliyeutawala ni Sultani Ghalib bin Muhsin, mtu mwadilifu na mlaji hodari, na hakuna kilichomkera kama kusikia kwamba wasafiri wapenda chakula, wale wanaovuka jangwa kwa ajili ya mkate mmoja waliosimuliwa, walikuwa wakiupita mji wake na kwenda kulala miji mingine. Aliwauliza wafanyabiashara sababu, nao wakajibu kwa adabu kwamba hawaijui. Ndipo Waziri Mukhtari, msimamizi wa majenzi, alipoleta mchoro wa ukumbi wa karamu wenye meko mia mbili na nguzo za marumaru, na ukumbi huo ulihitaji kiwanja kilichopakana na ukuta wa kasri upande wa mashariki.

Katika kiwanja hicho ilisimama nyumba ya Haidari bin Muamari, mwonjaji mkuu wa Sultani.

Haidari aliweza kuonja maji akasema yametoka kisima gani, na kuonja nyama akasema mbuzi alilishwa mlimani au bondeni. Miaka mitatu kabla ya hapo mkewe, Bi Johari, alifariki kwa homa, na tangu siku hiyo Haidari hakukosea kazini hata mara moja, wala hakutamani tonge la pili la chakula chochote. Alijua kila kilichokuwamo katika sahani, akakitaja, akanawa mikono. Jiko alilopikia Bi Johari alilifunga kwa kufuli baada ya matanga, na hakuna aliyeingia tena.

Alipopata habari ya mchoro, alikwenda barazani akapiga magoti.

"Maulana," alisema, "nimekutumikia miaka ishirini na miwili, na sijapata kukuomba kitu. Leo naomba nyumba yangu isivunjwe."

"Haidari, nyumba nitakujengea nyingine, kubwa kuliko hiyo."

"Najua, Maulana. Naomba hiyo hiyo."

Sultani alikuwa amekula katika matanga ya Bi Johari, na alikumbuka.

"Basi sikiliza," akasema. "Kuna miji saba ambayo wasafiri huitaja wanapozungumza juu ya chakula. Nenda ukaile yote, mji kwa mji, uniletee sababu inayowavuta watu huko. Sababu ikiwa ni kumbi kubwa, Waziri atajenga. Sababu ikiwa ni nyingine, nyumba yako itabaki. Una siku saba."

"Siku saba kwa miji saba, Maulana? Wa kwanza tu ni mwendo wa miezi miwili."

Sultani akavua pete ya fedha yenye muhuri wake akampa. Haidari alipoisugua, ukatoka moshi mwembamba wenye harufu ya bizari, na moshi ukawa jini mrefu aliyeinama ili asigonge dari.

"Mimi ni Dukhani," alisema jini, "mfungwa wa pete hii kwa miaka mia na saba. Nitakubeba utakako. Siwezi kusema uongo, na siwezi kutoa habari nisiyoulizwa. Hayo ndiyo masharti, nami sikuyatunga."

Akambeba, na kabla jua halijapanda wakawa Darul-Yasmini, mji ambao paa zake zote ni bustani. Walinzi walipouona muhuri wa pete walimpeleka moja kwa moja kwa mfalme, na akaandaliwa ngamia aliyejazwa kondoo, na kondoo kajazwa kuku, na kuku kajazwa mayai, na katika kila yai mlikuwa na lozi moja. Haidari akaonja, akaandika: nyama nzuri, zafarani nyingi mno, lozi za mwaka jana. Akanawa mikono.

Siku ya pili walifika Kintara, kwenye bahari ya mashariki, palipo na chungu cha supu ambacho moto wake haujazimika kwa vizazi kumi na vinne, na kila mfalme anayetawazwa huongeza ndani yake kiungo kimoja. Haidari akavitaja viungo vyote kumi na vinne kwa mpangilio wa wafalme, hata wazee wa mji wakasimama kwa heshima. Siku ya tatu wakala Samrawi, ambako mikate huzikwa mchangani asubuhi na kufukuliwa adhuhuri, na siku ya nne Balukhani, kwenye milima ya theluji, ambako sharubati huletwa na ndege weupe wenye vikombe shingoni. Kila mahali alipokewa kwa muhuri, akaketishwa juu ya zulia, akapigiwa ngoma, na kila mahali kulikuwa na zafarani. Usiku wa siku ya nne alisoma alichoandika akaona kwamba, akifuta majina, hangeweza kuutofautisha mji mmoja na mwingine. Na kila mji ulikuwa na ukumbi mkubwa. Akaona mchoro wa Waziri umekwisha kupita juu ya nyumba yake.

Siku ya tano walifika Nahari, mji ulio katikati ya mito miwili. Juu ya lango lake alikaa kasuku wa kijani, mzee, mwenye jicho moja, na kazi yake ilikuwa kumtazama kila anayeingia na kutangaza alichokula.

"Maharagwe ya nazi," kasuku alimwambia mchukuzi aliyetangulia, "na ukamnyima mwenzako."

Watu wakacheka, mchukuzi akaingia akiinamisha kichwa. Haidari akasogea.

Kasuku akageuza kichwa upande wa jicho zima, akamtazama, akatazama tena.

"Huyu hajala," akasema.

"Umekosea," alisema Haidari. "Jana nilikula kwa mfalme wa Balukhani sahani thelathini na moja."

"Hajala," kasuku akarudia. "Si kwa siku moja. Si kwa mwaka mmoja."

"Usibishane naye, sheikh," mlinzi wa lango alimwambia. "Mwaka juzi alimwambia kadhi wetu alichokula siku ya mfungo, na kadhi alikanusha mpaka alipopiga kwikwi."

Haidari hakucheka. Alisogea kando ya ukuta, akaisugua pete.

"Dukhani, katika miji minne tuliyopita, wewe ulikula?"

"Nilikula vizuri sana, na nakushukuru kwa safari."

"Jini hagusi chumvi. Ulikula nini?"

"Mvuke. Chumvi haipandi na mvuke."

"Uliula wapi? Sikukuona ukumbini."

"Ukumbini chakula hufika kimepoa, mvuke wake umekwisha njiani," alisema jini. "Mimi hukaa mlango wa nyuma. Darul-Yasmini, wapishi walipokwisha kumjaza ngamia wenu, walijikaangia vitunguu na maini ya kuku, wakagombania sufuria. Kintara, mama mmoja alikuwa akiwachemshia wavuvi ngisi kwa maji ya ndimu, na watu wa nchi tisa wamekaa chini wakisubiri. Ndio hao wasafiri unaowatafuta. Hakuna hata mmoja aliyekuwa ukumbini."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Hukuuliza. Uliniuliza ni saa ngapi tutafika."

Haidari akaitazama pete, kisha akaivua, akaifunga katika ncha ya kilemba, na joho la kasri akalikunja chini ya kwapa. Akaingia mjini kwa miguu, na badala ya kufuata njia ya mfalme akafuata kichochoro ambamo moshi ulitoka.

Katika ua mmoja alimkuta mwanamke wa makamo, mnene, mwenye kanga iliyofungwa kifuani na mwiko mkononi, na kuzunguka ua watu wa kila lugha wameketi juu ya vigoda. Mmoja anamenya muhogo, wa pili anapeta mchele, na Mturuki mwenye masharubu makubwa anatwanga pilipili huku machozi yanamtoka. Mwanamke huyo aliitwa Bi Shuweni, naye alikuwa mjane.

"Wewe ndiye wa kuni?" akamuuliza Haidari.

"Hapana, bibi. Mimi ni msafiri."

"Basi mbona umesimama kama nguzo? Nazi zile pale."

"Nimekuja kula."

"Na hawa wamekuja kuoga? Hapa Nahari mgeni hupewa kazi kwanza. Akishafanya kazi si mgeni tena, na mimi wageni siwawezi, wananitaka sahani nzuri. Kaa."

Haidari akakaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa ameonja tui na kusema nazi yake ilianguka yenyewe au iliangushwa, lakini hakuwahi kukuna hata moja. Akakuna mpaka akafikia kifuu, na nazi ikatoka na vipande vyeusi.

"Subhanallah," alisema Bi Shuweni, akichungulia. "Kaka, unaikuna au unailipizia kisasi?"

Mturuki akacheka mpaka akajipaka pilipili jichoni, na ikabidi aoshwe.

Wali ulipoiva watu walipakuliwa, na Haidari akawa wa mwisho kwa sababu ya uvivu wa mikono yake. Chungu kilikuwa kimebaki ukoko tu. Nyumbani kwao Rasi Marijani ukoko hapewi mgeni kamwe, ni aibu. Ni wa watu wa nyumbani, nao huugombania. Bi Shuweni akaubandua kwa mwiko, ukatoka mzima kama kigae, wa rangi ya asali, akaumwagia mchuzi wa papa, akampa mkononi bila sahani.

Haidari akala. Alijua papa alikaushwa siku sita, na ndimu ilikamuliwa baada ya chungu kuepuliwa, na tui lilikuwa na vipande vya kifuu. Kisha akasikia mtu anasema, "Nipe tena," na ilikuwa sauti yake mwenyewe.

"Mkeo hakupi ukoko?" Bi Shuweni alimtania.

"Alikuwa akinipa. Amefariki."

"Lini?"

"Miaka mitatu sasa."

Bi Shuweni alikiinamisha chungu upande wa pili, akakwangua hadi chini kabisa, akampa ukoko wote.

Miji miwili iliyobaki Haidari aliingia kwa mlango wa nyuma, akala barabarani na majikoni, na siku ya saba jioni alisimama mbele ya Sultani, Waziri Mukhtari akiwa kando na mchoro wake chini ya mkono.

"Maulana," alisema Haidari, "nimeila miji saba. Kumbi zao ni ukumbi mmoja, na mfalme akikuandalia karamu, umekula kwa mfalme, hujala mjini. Mji bora kwa mtu apendaye chakula ni Nahari, na Nahari hauna ukumbi. Watu wake wamefungua majiko yao, na msafiri hukaa pale chakula kinapopikwa, akafanya kazi, akataniwa, akapewa kile ambacho sisi humficha mgeni."

"Wasafiri wa heshima wakamenye vitunguu?" aliuliza Waziri. "Maulana, huyu anatetea nyumba yake."

"Ni kweli ninaitetea," Haidari alijibu. "Na niliyosema ni kweli pia."

Sultani akafikiri. "Maneno hayaliwi," akasema. "Kesho mchana mimi na Waziri tutakuja kwako, bila taji wala muhuri, tutakaa jikoni. Nikila vizuri kuliko hapa, nyumba yako itabaki na mchoro utachomwa. Ila jiko lako litakuwa wazi kwa kila mpita njia, kila siku, kama majiko ya Nahari. Unakubali?"

Haidari alikuwa amekwenda kuiokoa nyumba ile ili jiko libaki kama Bi Johari alivyoliacha.

"Nakubali, Maulana," akasema.

Asubuhi alisimama mbele ya mlango wa jiko akiwa na ufunguo, na kufuli lilikuwa limeshika kutu.

"Nilifungue kwa pumzi?" aliuliza Dukhani.

"La."

Akatia mafuta, akangoja, akazungusha, na mlango ukafunguka. Ndani vumbi lilikuwa limelala sawasawa juu ya kila kitu. Alifagia, akaosha vyungu, akawasha moto, na adhuhuri Sultani akaja amevaa kanzu ya kazi, akapewa nazi, na Waziri akapewa vitunguu kapu zima. Sultani akakuna vibaya kuliko Haidari, na alipoambiwa hivyo alinuna, kisha akaomba nazi nyingine. Haidari alipika wali na mchuzi kwa vipimo vya Bi Johari, maana ulimi wake haukuwa umesahau hata kimoja, lakini moto hakuujua, na wali ukashika chini nusu chungu. Akaona haya. Sultani akanyoosha mkono akauomba ukoko, akaubandua mwenyewe, akala amesimama, na Waziri, macho mekundu, akauliza kama kuna kilichobaki upande wa kwake.

Mchoro ulichomwa chini ya chungu hicho hicho. Dukhani akaachiliwa, naye akaomba ruhusa ya kukaa juu ya paa la jiko, kwa ajili ya mvuke.

Haukupita mwaka mtaa wote ukawa umefungua majiko, na wasafiri wakaja kwa misafara hadi ikabidi mlango wa kumi utobolewe ukutani, na Rasi Marijani ukatajirika. Miongoni mwa waliokuja alikuwa Bi Shuweni wa Nahari, ambaye kwa maneno yake alikuja kuona kama yule bwana ameacha kuzitesa nazi. Akapewa kazi kama wengine. Akakaa mwezi, akakaa wa pili, na Haidari akampelekea posa kwa kadhi, na Sultani mwenyewe akasimamia harusi.

Wasimulizi hutoa funzo hapa, kwamba anayetaka kuujua mji aingie kwa mlango wa jikoni, na anayetaka kukihifadhi kitu asikifungie. Huenda ni hivyo. Haidari alipokuwa mzee, akiulizwa alijifunza nini, alitaja asubuhi moja tu baada ya harusi, Bi Shuweni alipoingia jikoni akiwa mwenye nyumba, akayatazama mafiga matatu, akazunguka upande huu na upande ule.

"Nani aliyeyaweka karibu na dirisha namna hii?" aliuliza.

"Marehemu."

Bi Shuweni akalowesha kidole, akaupima upepo, akainama kuchochea kuni.

"Alijua kazi yake," akasema. "Yakae hapo hapo. Niletee nazi."