Benchi la Mtaa wa Ndala

Wewe, nani kaiba benchi?

—Si mimi!

Wote husema hivyo. Haya, hadithi iko mlangoni!

—Ifungulie iingie!

Zamani, lakini si zamani sana, maana maduka yalikuwepo, Bi Nguchiro alipika uji Mtaa wa Ndala. Nje ya kibanda chake lilikaa benchi la mvule. Aliyekuja kushonesha ndala kwa Mzee Kobe, alikaa. Akikaa, alikunywa uji. Akinywa uji, aliona vitenge vya Nungunungu mlango wa pili. Kaja na ndala, karudi na kitenge.

Ng'ambo ya barabara Bosi Kiboko akajenga jumba la maduka. Mlango unajifungua wenyewe, shwaaa! Ndani baridi kama mtungini, na pa kukaa hakuna, kwani Kiboko alisema anayekaa hanunui. Wanyama wakaingia, wakashangaa, wakatoka. Wakaenda kukaa kwa Bi Nguchiro.

Asubuhi moja, benchi halipo. Wateja wakasimama, miguu ikawauma, wakaenda zao. Uji ukapoa sufuriani. Kobe akamtazama Nungunungu kwa jicho la pembeni. Nungunungu akamtazama Kobe. Salamu zikakatika. Bi Nguchiro aliwashuku wote wawili, na njaa ilipombana akajishuku hata yeye. Kisha akasikia kicheko ng'ambo: kwi kwi kwi! Kiboko anacheka peke yake, kashika kiuno.

Kiuno? Mmh.

Bi Nguchiro akagonga sufuria, ngwa ngwa ngwa! "Mwizi nimemjua! Ni Panya!"

Mtaa mzima ukaja. Kiboko naye, tindi, tindi, aje afaidi ugomvi.

"Panya? Bibi wee, una homa?" akauliza Kobe.

"Benchi lenyewe jepesi, mzee wangu. Kalitia kwapani, huyo, anapiga mluzi."

"Kwapani?" Kiboko akadakia.

"Kwapani, Bosi. Ubao umeliwa na mchwa ule!"

"Mchwa gani? Ule mvule mtupu! Panya hawezi."

"Basi labda Sisimizi alimshikia upande mmoja."

Kiboko akafura, mashavu yakamtetemeka. "Sisimizi? Sisimizi! Nimelibeba mimi! Mimi, peke yangu, na kiuno hiki hakijanyooka mpaka leo!"

Mtaa mzima ukageuka kukitazama kiuno cha Kiboko.

Funzo, wanangu: kukaa benchini ni uvivu, kasimameni kwenye baridi ya Bosi Kiboko. Hadithi nimeitua, anayeitaka aibebe!

—Kwapani!