Neno Baada ya Nukta

"Amnyimaye mwenzake jina, naye haitwi." Mmemsikia mwenyekiti wa chama akiwaambia hivyo wale makarani wawili waliogombania nani aandikwe kwanza kwenye ripoti, mkacheka. Sasa mnaniuliza maneno hayo yametoka wapi. Hayakutoka kwa wahenga, wajukuu zangu. Yalizaliwa hapa hapa Mazumbwe, macho yangu yakiona, na chanzo chake ni hiki.

Chama chetu cha wakulima wa tangawizi kilikuwa na katibu, Mzee Mndeme. Kwa miaka ishirini na miwili barua zote alijibu yeye, wageni wote aliwapokea yeye. Ndiye aliyemwajiri Nakiete Msangi, binti wa hapa aliyesomea kompyuta, akamfundisha kazi za ofisi kama mwanawe. Nakiete akatutengenezea tovuti, na wanunuzi wakaanza kutuandikia kutoka mbali.

Mwaka mmoja tukapata habari kwamba kampuni moja ya vinywaji ya ng'ambo imeomba kulimiliki neno "mazumbwe" kwenye intaneti, yaani lile neno la mwisho linalokuja baada ya nukta katika anwani ya tovuti. Ikipewa, hakuna ambaye angelitumia pale bila ruhusa yake, hata sisi tuliozaliwa Mazumbwe. Nakiete akaandika pingamizi. Jibu likaja: njooni Arusha, kwenye mkutano wa kimataifa wa kusimamia majina ya intaneti, mjieleze. Barua ilimtaja Nakiete kuwa msemaji wetu.

Mzee Mndeme aliisoma mara mbili, akaikunja, akasema, "Hongera, binti." Lakini tangu siku ile chai ya saa nne akawa anakunywa peke yake. Watu walipompongeza Nakiete njiani, mzee aligeuza uso kama aliyeingiwa na vumbi. Baadaye alitusimulia mwenyewe jinsi wivu ulivyomla. Kila aliposikia jina la yule binti likitajwa, aliona kama la kwake linafutwa.

Ili tushinde, ilitupasa kuonyesha kwamba jina lile tumelitumia tangu zamani. Uthibitisho ulikuwa mmoja tu, hati ya kuandikishwa kwa chama ya mwaka 1964. Ilikaa kabatini, na ufunguo alikuwa nao Mzee Mndeme.

"Mzee, naomba ile hati," Nakiete alimwambia.

"Imeliwa na mchwa, mwanangu."

Tulikwenda watatu, mimi nikiwawakilisha wakulima. Mlangoni tulipewa vitambulisho vya kuvaa shingoni. Cha Nakiete kilisema Msemaji. Cha Mzee Mndeme kilisema Msindikizaji. Alikigeuza, maandishi yakaelekea kifuani, na hivyo ndivyo alivyokivaa siku nzima.

Ukumbini walijaa watu wa mataifa mbalimbali, kila mmoja na kisikilizio cha tafsiri sikioni. Nakiete alisema vizuri. Alieleza mitaro tunayochimba mlimani, magunia tunayoyaandika jina letu, na akina mama waliosomesha watoto kwa tangawizi. Watu wakapiga makofi. Nilimtazama Mzee Mndeme. Mikono yake ilikuwa imetulia magotini.

Wakili wa kampuni akasimama. "Hadithi ni nzuri. Hati iko wapi?"

Mwenyekiti wa kikao, mama mmoja mpole, akauliza, "Binti, una uthibitisho wowote wa maandishi?"

"Ulikuwepo, mheshimiwa. Umeharibika."

"Kuna mwingine wa upande wenu mwenye chochote?"

Mzee Mndeme alisubiri. Alitaka kwanza Nakiete aketi, ukumbi mzima uone ameshindwa. Nakiete akaketi, akainamisha kichwa. Hapo mzee akafunga vifungo vya koti, akakigeuza kitambulisho chake, akainuka taratibu kama bwana harusi, akatoa karatasi kutoka mfuko wa ndani.

Nyundo ikagonga meza.

"Muda wa ushahidi umekwisha," mwenyekiti akasema.

"Mheshimiwa, hati hii hapa!"

"Samahani, mzee. Niliuliza, nikangoja. Kanuni haziniruhusu kurudi nyuma."

Nakiete aliitazama ile karatasi, nzima, haina hata tundu moja. "Si ulisema imeliwa na mchwa?"

Mzee akairudisha mfukoni. Wajumbe wakapiga kura, na jina letu likaenda ng'ambo.

Tuliporudi, wakulima waliitwa. Mzee Mndeme, nampa haki yake, hakuficha kitu. Alisema yote kwa kinywa chake. "Nilitaka akwame, nimwokoe mimi. Nilitaka nitajwe mimi."

Nakiete alilia, kisha akasema, "Ungeniambia tu, Mzee. Ungesema unataka kuongea wewe, ningekupisha. Si wewe uliyenifundisha?"

Neno hilo lilimuumiza kuliko matusi ambayo angetukanwa. Akauweka ufunguo wa kabati mbele ya Nakiete, akaketi chini pamoja nasi.

Mpaka leo tovuti yetu ina jina refu la kuombaomba, na anayetafuta Mazumbwe kwenye intaneti hukutana na chupa za watu wasioijua hata njia ya kuja huku. Siku ile Bibi Naetwe, mkulima mkongwe kuliko sote, alimtazama katibu wetu bila hasira, akamwambia yale ambayo nyinyi mmeyacheka leo:

"Mwanangu Mndeme, amnyimaye mwenzake jina, naye haitwi."